Siku Jokébed Aliposimama Juu ya Fuso

Jirani yangu Jokébed aliletwa Butembo kuolewa akitokea Alimbongo, kule juu kwenye baridi, ambako ukungu unakaa shambani mpaka saa nne na watu wanaitana kutoka mlima mmoja hadi mwingine. Baba yake, mzee Josaphat, alilima viazi na puaro, yale majani marefu ya jamii ya kitunguu, pande zote mbili za bonde, na tangu Jokébed akiwa na miaka tisa yeye ndiye aliyekuwa anatumwa kuita wafanyakazi waje kula. Hakutumwa kwa miguu. Alisimama ukingoni, akaweka mikono kiunoni, akaita jina moja, na ng'ambo ya bonde mtu aliinua jembe kuonyesha kwamba amesikia. Aliniambia kwamba kwao hakuna aliyewahi kulalamika juu ya sauti yake. Waliitumia, kama wanavyotumia jembe.

Na si sauti peke yake. Jokébed anacheka kwa mwili mzima: anapiga mapaja, anainama, anamshika bega aliye karibu hata kama hamjui. Akiona kitu kinafanywa vibaya, mkono wake umeshaanza kukitengeneza kabla hajaombwa. Akiona mgeni amesimama peke yake, atamwuliza anatoka wapi na ana watoto wangapi.

Mimi naitwa Christa, nauza kabichi. Nyumba yangu na ya kwao hapa commune ya Kimemi zinagawana ukuta mmoja, kwa hiyo haya sikusimuliwa na mtu.

Mume wake, Esdras, anatengeneza redio na simu. Ni mtu wa maneno machache. Ukimsalimia anajibu vizuri, halafu anarudi kwenye nyaya zake. Katika nyumba hiyo aliishi pia mama yake, Mama Maliro, mjane, mwanamke mwembamba anayetembea bila viatu vyake kusikika. Jokébed alikuwa amemaliza juma moja tu la ndoa alipocheka jikoni. Sikumbuki alichekea nini. Nakumbuka kwamba kuku wangu waliruka. Mama Maliro akatoka chumbani.

"Mwanangu," alimwambia polepole, "huku hapana kwenye mulima. Jirani iko hapa karibu. Mwanamuke wa hii nyumba hapana sikilikana mupaka kwa barabara."

Hakusema kwa ukali. Laiti angesema kwa ukali, pengine Jokébed angebisha. Lakini alisema kwa upendo, akamshika mkono, na Jokébed alikuwa binti mgeni aliyetaka kupendwa na mama mkwe. Akajibu, "Ndiyo, mama." Kuanzia siku hiyo akaanza kujipunguza, kama mtu anavyoshusha utambi wa taa, kidogo leo, kidogo kesho.

Alijifunza kucheka akiwa amefunika mdomo. Kanisani wakamtia katika protocole, wale akina mama wanaovaa utepe begani, wanasimama mlangoni, wanaonyesha watu viti kwa kidole bila kusema neno. Alipokaa na wanawake wengine alisubiri wote waseme, na zamu yake ilipofika alisema, "Ni vile vile." Sokoni Beni, tulikokuwa tunapeleka bidhaa pamoja, mimi kabichi, yeye viazi na puaro za kwao, mtu akimruka kwenye foleni yeye alimwachia. Watu walimsifu. Walisema Esdras amepata mke mtulivu. Nami, nakiri, nilimsifu pia. Ukuta wetu ulikuwa kimya na nililala vizuri.

Miaka minane ikapita hivyo. Wakapata binti mmoja, Abigaïl, na watu wakaanza kumwita Jokébed Mama Abi.

Abigaïl alipofika miaka sita alikuwa na kicheko. Wote tulikijua kilikotoka, ila hatukukitaja. Alhamisi moja mwezi wa kumi na moja alikuwa anaruka kamba uani, akaanguka, akajiona alivyoanguka, akaanza kucheka huku akipiga mapaja. Mama yake alikuwa anafua.

"Abi!" Jokébed akamwambia. "Hapana cheka vile. Huku hapana kwenye mulima."

Mtoto akanyamaza, akamtazama.

"Mulima gani, mama?"

Abigaïl alizaliwa Kimemi. Mlima wa Alimbongo alikuwa amefika mara mbili tu, amefungwa mgongoni. Nilikuwa naanika nguo upande wangu nikaona mikono ya jirani yangu imesimama ndani ya maji ya sabuni. Baada ya muda akaja mpaka ukutani.

"Yaya Christa," aliniita, yaani dada mkubwa, "umesikia nilisema nini kwa mutoto?"

"Nilisikia."

"Ile maneno hapana yangu," alisema. "Ilitoka kwa kinywa yangu, mais lakini hapana yangu." Akarudi kufua, akamaliza nguo zote, akaanika.

Jumanne iliyofuata tulipanda Fuso la Gamaliel kwenda Beni. Gamaliel ni dereva wetu wa siku nyingi, mtu wa kanisa, hapendi ugomvi. Kukitokea ugomvi barabarani yeye anazima moto wa gari, anaegemeza kichwa kwenye usukani na kulala. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Tulitoka Butembo saa mbili asubuhi, viazi na kabichi nyuma chini ya bâche, lile turubai, sisi wawili mbele pamoja na dereva. Saa nne tulifika kwenye teremko moja upande wa Kalunguta, na hapo barabara ikaishia.

Nieleze vizuri ili uone. Gari kubwa lenye mbao lilikuwa limezama katikati ya matope, limelala upande mmoja. Kando yake ilibaki njia ya kupita gari moja tu. Sasa waliotoka Butembo waliingiza pua humo, na waliotoka Beni nao wakaingiza pua humo, wakakutana uso kwa uso. Hakuna aliyeweza kurudi, kwa sababu nyuma ya kila mmoja magari mengine yalikuwa yamebanana mpaka juu kwenye kona. Wa mbele walikuwa wanatukanana. Wa nyuma hawakujua kilichokuwa kinatokea mbele. Walipiga honi tu. Kwenye bonde lile simu hazishiki. Gamaliel akazima moto, akalala.

Tulikaa hapo saa tatu nzima. Jokébed alikuwa dirishani, amekunja mikono, macho yake yanapanda na kushuka teremko. Nilimwona anahesabu magari kwa kidole juu ya paja lake.

"Yaya," akaninong'oneza mwishowe, "unaona kile kiwanja ya matofali, pale juu mukono wa kuume? Gari yetu ya mwisho ikirudi nyuma kwanza, ile ya kabla yake inapata nafasi, hivyo hivyo mupaka mbele. Zile tatu za mbele zinaingia kwa kiwanja. Ba Beni banapita wote. Kisha siye."

Nilitazama. Ilikuwa kweli kabisa.

"Basi waambie," nikasema.

"Aah. Bababa, wale madereva, watasema huyu mwanamuke ametoka wapi."

Akafunga mdomo. Nami sikusisitiza.

Ndipo bibi-arusi alipotokea. Alikuwa anapanda kwa miguu kutoka upande wa Beni pamoja na shangazi yake, gauni jeupe ameliinua mpaka magotini, viatu mkononi. Baadaye tulijua anaitwa Virginie. Alikuwa anakwenda kufungishwa ndoa Butembo saa nane, na bwana-arusi, kijana anayeitwa Précieux, alikuwa ameshafika kanisani tangu asubuhi. Gari lao lilikuwa limebanwa chini, basi aliamua kutafuta pikipiki upande wetu. Alifika karibu na Fuso letu, mguu ukateleza, akaketi chini, pwaa, gauni na yote. Vijana waliokuwa wameegemea magari wakacheka. Wengine wakatoa simu kupiga picha. Yeye hakulia. Aliketi pale kwenye matope akitazama viganja vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine.

Jokébed alifungua mlango.

Alimwinua kwanza. Akavua kitenge chake cha juu, akampangusa mikono na uso, akamfunga kiunoni kuficha doa, akamsukumiza ndani ya Fuso pembeni yangu. "Kaa hapo, mwanangu. Hii ndoa iko leo." Halafu badala ya kurudi kwenye kiti chake akakanyaga gurudumu, akashika kioo cha pembeni, akapanda juu ya kichwa cha gari. Nikasikia buti zake za mpira juu ya bati. Gamaliel bado alikuwa amelala.

Kisha akaita.

Sijui niieleze vipi. Haikuwa kelele, wenye kelele walikuwa wengi pale na hakuna aliyewasikiliza. Ilikuwa sauti moja ndefu, "Ééééé," ya chini kwanza, halafu ikapanda, ikavuka matope, ikagonga mlima wa ng'ambo na kuturudia. Honi zikanyamaza. Gamaliel akashtuka.

"Nani huyo?"

"Jokébed."

"Jokébed gani?"

"Huyu huyu wetu."

"Batu ya Butembo! Batu ya Beni!" alikuwa anasema juu ya vichwa vyetu. "Wa nyuma hamuone mbele, wa mbele hamuwezi kurudi. Miye niko naona wote! Weye mwenye Canter ya kijani kule kwa kona, weye ndiyo wa mwisho, weye njo utaanza. Rudi nyuma! Rudi mupaka kwa kanisa!"

Kwenye kona, mbali sana, mkono ulitoka dirishani mwa Canter ukapunga. Amesikia. Injini ikawaka.

Dereva wa kwanza upande wetu, mwanaume mwenye kifua kipana, akashuka kwenye gari lake akaja akikanyaga matope kwa hasira.

"Weye mwanamuke! Nani alikuweka shefu wa barabara?"

"Hapana mutu, papa. Mais tangu asubuhi shefu alikuwa matope, na sijaona amepitisha hata mumoja."

Watu wakacheka, lakini safari hii kwa namna nyingine.

"Jina yako nani, papa?"

"Phinées," akajibu, bila kutaka.

"Papa Phinées, bibi yako iko wapi?"

"Iko Beni."

"Leo anapika nini?"

Phinées akasita. "Sombe," akasema, kisamvu chetu.

"Basi panda gari, papa, ufanye marche arrière, urudi nyuma, ukakule ile sombe ingali ya moto!"

Hapo hata yeye Phinées meno yalionekana. Na Jokébed, kule juu, alicheka. Alicheka kicheko chake chote, ameinama, anapiga mapaja, mpaka nikaogopa ataanguka. Miaka minane sikuwa nimekisikia. Kilienda mpaka kwa wale waliokuwa mbali ambao hawakujua mzaha ulikuwa nini, nao wakacheka kwa sababu ya kicheko chenyewe.

Kazi ikaanza. Aliita gari moja moja kwa rangi yake: wewe bluu, wewe mwenye mbuzi juu, wewe usiye na mlango. Aliyegeuza usukani vibaya alimrekebisha. Aliyefanya vizuri alimsifu kwa sauti ile ile, na nikaona wanaume wazima wakinyoosha mabega. Palipokuwa na ubishi alitia wimbo, na wasukumaji wakasukuma kwa mapigo ya wimbo.

Halafu Canter ya kijani ikakwama kule juu, na hapo ikaja jeep ya wanajeshi. Ilipenya ukingoni kutoka nyuma yetu, ikitaka kupita mbele ya wote, na ilikuwa inakwenda kuziba ile nafasi iliyokuwa imeanza kufunguka. Komanda alitoa kichwa.

"Mama, tika biso toleka! Mosala ya leta!" Kwa Lingala yake alikuwa anataka wapishwe, ni kazi ya serikali.

Waliokuwa karibu wakarudi nyuma ya magari yao. Nilitamani Jokébed ashuke, aombe radhi, arudi kuwa yule wa mlangoni mwa kanisa. Yeye aliunganisha viganja kwa heshima, lakini sauti hakuishusha.

"Komanda, mutapita wa kwanza, mbele ya wote. Mais hii jeep yenu haina mabawa. Batu yako beko na nguvu kupita siye. Unipatie kumi basukume ile Canter yenye imekwama kule juu, na nusu saa haiishi muko naingia Beni."

Komanda alimtazama mwanamke aliyesimama juu ya gari, bila kitenge cha juu, matope mpaka magotini. Akatikisa kichwa.

"Mama oyo! Mama huyu!" akasema, akatabasamu. Kisha kwa watu wake: "Bokita!" Wakashuka, wakasukuma.

Saa nane kasoro barabara ilifunguka. Jeep ilipita. Magari ya Beni yakapanda moja moja, na la tano lilikuwa la arusi, limepambwa maua ya karatasi yaliyolowa. Virginie alishuka kwetu. Alitaka kurudisha kitenge, Jokébed akakataa. Shangazi yake alipiga vigelegele, akamwinulia Jokébed mikono yote miwili, akimshukuru kwa lugha yetu: "Wasingya, mama! Wasingya!" Kila gari lililopita chini ya Fuso letu lilipiga honi, na yeye aliyajibu yote, mpaka la mwisho.

Aliporudi ndani na kuketi dirishani pake alivua buti, akamwaga matope nje. Gari likaondoka. Gamaliel alikuwa anamchungulia kwa pembe ya jicho kama abiria mpya. Karibu na Beni ndipo Jokébed aliposema, kwa sauti ya kawaida:

"Yaya Christa, haitaingia tena."

"Nini?"

"Hii sauti." Akajigusa kifuani. "Nilikuwa ninaiingizaka kila asubuhi mbele ya kutoka chumbani. Leo imetoka yote. Haitaingia."

Nilimwuliza kama anaogopa. Alifikiri kidogo akasema, "Hapana. Nina njaa."

Tuliuza Beni, tukalala kwa binamu yake, tukarudi Alhamisi. Lakini picha zilitutangulia. Mmoja wa wale vijana waliomcheka bibi-arusi alikuwa amerekodi yote, na kabla hatujafika Butembo nusu ya simu za Kimemi zilikuwa na Jokébed juu ya Fuso. Nilimsindikiza mpaka kwake, nikijifanya namsaidia kubeba magunia matupu. Ukweli nilitaka kuwepo.

Mama Maliro alikuwa ameketi uani anachambua maharagi. Esdras alikuwa kwenye meza yake ya kazi chini ya baraza. Mama Maliro hakuinua kichwa.

"Uliongea na basoda, wale wa jeep," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kwa sauti ile."

"Ndiyo."

Vidole vya yule bibi viliacha maharagi. Nilifikiri atasema juu ya aibu, juu ya jina la nyumba. Lakini alipoinua uso niliona si hasira iliyokuwa pale.

"Weye ulikuwa mutoto," alisema. "Wakati ya vita ile ya zamani, basoda walikuwa banapita huku, banasikiliza kwa milango. Nyumba yenye kelele njo walikuwa banaingia. Nyumba yenye kimya walikuwa banafikiri haina mutu. Nilikuwa na batoto ine. Niliwafundisha kucheka ndani ya nguo. Hakuna hata mumoja alikufa." Akapangusa vidole kwenye kitenge. "Nilikunyamazisha hapana kwa sababu ya jirani, mwanangu. Haikuwa hata siku moja juu ya jirani."

Mimi niliyeishi nyuma ya ukuta ule miaka yote nilitazama chini. Jokébed alipiga magoti kwenye maharagi, akamshika mama mkwe wake mikono.

"Mama, sikujua."

"Sikukuambia."

"Kimya yako iliokoa batoto yako. Iliniletea hata bwana. Nitaiheshimu mupaka nikufe." Akavuta pumzi. "Mais miye hapana kimya, mama. Nilijaribu miaka munane. Juma iliyopita nilianza kumufunga na Abi kinywa. Hapo njo niliona. Sitaweza tena. Na sitaki."

Mama Maliro alirudi kwenye maharagi. Lakini alimwachia mkono mmoja, ule wa kushoto, muda mrefu.

Esdras ndiye aliyetushangaza. Aliweka bisibisi chini, akaja mpaka tulipokuwa.

"Mama Abi," alisema. "Unajua nilikuja Alimbongo kufanya nini ile mwaka?"

"Kutengeneza redio ya tata Josaphat."

"Redio nilimaliza siku moja. Nilibakia siku ine." Akajikuna shingo. Kwa Esdras hiyo ilikuwa tayari hotuba. "Asubuhi ulikuwa unaita batu ya shamba. Nilikuwa ninabakia kusikiliza. Kisha tulifika huku, sauti ikapotea, nikajiuliza ilienda wapi. Mais sikuuliza. Ile ni kosa yangu."

Jokébed alimtazama mume wake kama aliyeletewa barua iliyochelewa miaka minane. Kisha akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na kuku wangu wakaruka.

Nisidanganye kwamba kuanzia hapo mambo yote yalinyooka. Kanisani kamati ya akina mama ilimwita ikamwambia kwamba protocole ni kazi ya watu watulivu. Alivua utepe palepale, akaukunja vizuri, akasema, "Bamama, ni kweli. Miye hata miguu iliniuma," akaenda kuketi katikati ya waimbaji, ambako hakuna aliyemtoa. Wako wawili ambao mpaka leo hawamsalimii. Na kosa alifanya pia. Msimu wa mvua uliofuata madereva walikuwa wameshamzoea, wanamwita Mama Barabara, na palipokwama magari walimtafuta. Siku moja aliliagiza gari la saruji lipite upande ambao udongo ulikuwa laini; likainama polepole, likalala. Hakuna aliyeumia, lakini saruji ililowa. Jokébed alipanda mahali palepale alipokuwa akiamuru, na kwa sauti ile ile akatangaza: "Batu yote munisikie! Hii ni kosa yangu, hapana ya dereva!" Kisha akashuka, akabeba mifuko pamoja na wengine mpaka jioni. Gamaliel alinambia kwamba siku hiyo ndipo madereva walipomwamini kweli.

Mimi mwenyewe nilijaribu kumwiga. Ilikuwa kwenye mkutano wa mtaa juu ya bomba la maji. Nilisimama, nikapaza sauti, nikapiga meza. Sauti ikapasuka katikati ya sentensi, mwenyekiti akaniuliza kama ninaumwa. Njiani kurudi Jokébed alicheka mpaka akaketi juu ya jiwe.

"Yaya, ulikuwa unatafuta nini?"

"Nilitaka kuwa kama wewe."

"Miye niko tayari, mumoja anatosha," alisema, akijipangusa macho. "Weye unaona vitu yenye miye sionaka. Kwa ile mukutano weye peke yako njo uliona kama katibu hakuandika hata neno moja. Kesho enda kwake pole pole, umuulize. Hapana piga meza."

Nilienda. Niliuliza polepole. Aliandika.

Vita ilipopanda mpaka Alimbongo, wazee wa Jokébed walikimbilia Butembo na magodoro mawili. Sasa wako pale, nyuma ya ukuta wangu: mzee Josaphat, mke wake Mama Rébecca, ambaye ndiye asili ya sauti yote ile, Jokébed, na Abigaïl, ambaye ameanza darasa la tatu na mwalimu wake amenambia kwamba akisoma, darasa la jirani linaandika imla yake. Wageni wengine waliokimbia walipofika mtaani, Jokébed ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba kuwatafutia vyumba. Hakubisha hodi kwa kidole.

Jumapili iliyopita nilialikwa kula kwao. Kulikuwa na bugali, sombe na samaki wa kukaushwa. Mama Rébecca alikuwa anasimulia jinsi mbuzi wao mmoja alivyokataa kukimbia vita, akabaki katikati ya barabara akiwatazama watu, na Jokébed alikuwa anamwigiza mbuzi, na Abigaïl alikuwa ameshaanguka kwenye kiti. Nyumba nzima ilikuwa inatikisika. Mama Maliro aliketi mlangoni, sahani magotini, mgongo umenyooka.

"Pole pole," alisema. "Mutabomoa nyumba."

"Samahani, mama," Jokébed akajibu, bila kupunguza chochote.

Yule bibi akatazama sahani yake. Akainua ncha ya kitenge kuelekea mdomoni, kama alivyozoea, halafu mkono ukakaa hewani kidogo, ukarudi chini. Kilichotoka kilikuwa kidogo na kikavu, kama kikohozi, na ilinichukua muda kuelewa kwamba anacheka. Esdras alimwongezea samaki, na Mama Rébecca akaanza kumsimulia habari za mbuzi wa pili.